Nyayo za Msomi: Je, Akili na Elimu Humkinga Mhalifu Asikamatwe?

Imani kwamba mhalifu mwenye akili hakamatwi ni ya kale na imeenea sana, kiasi kwamba fedha zikipotea benki bila mlango kuvunjwa, watu husema papo hapo kuwa kazi hiyo imefanywa na msomi. Hadithi za Sungura na za Abunuwasi zimewazoesha wasikilizaji wa Kiswahili, tangu utotoni, kumshangilia mjanja anayewashinda wenye nguvu, lakini methali za lugha hiyohiyo zinakwenda njia nyingine, kwani zinasema kuwa siku za mwizi ni arobaini na kuwa ndege mjanja hunaswa na tundu bovu. Elimujinai, yaani taaluma inayochunguza uhalifu, wanaoutenda na namna jamii inavyowashughulikia, imelifuatilia suala hili kwa zaidi ya karne moja. Ushahidi uliokusanywa unaonyesha kwamba akili peke yake humsaidia mhalifu kidogo mno, ilhali elimu humsaidia sana, ingawa si kwa njia ambayo wengi huidhania: elimu haimfundishi kufuta nyayo zake, bali humpa cheo ambacho huwafanya walioziona nyayo hizo wasisikilizwe.

Uchunguzi wa kitaalamu ulianzia magerezani. Mwaka 1913 Charles Goring, daktari wa magereza wa Uingereza, alichapisha matokeo ya vipimo alivyowafanyia wafungwa wapatao 3,000, akapinga dai la Mwitaliano Cesare Lombroso kwamba mhalifu hutambulika kwa umbo la fuvu na uso, lakini akahitimisha kuwa wafungwa walikuwa na akili pungufu wakilinganishwa na watu wengine. Hitimisho hilo lilikuwa na kasoro ambayo haikuchukua muda kuonekana, kwa kuwa anayepimwa gerezani ni yule aliyekwisha kukamatwa, na hakuna aliyewahi kuwapima waliobaki uraiani wakiendelea na shughuli zao. Kutokana na kasoro hiyo ikazaliwa hoja inayoweza kuitwa ya tofauti ya kukamatwa, isemayo kwamba wenye akili na wasio nazo huvunja sheria kwa kiwango kilekile, ila wenye akili hawaonekani katika takwimu kwa sababu wanajua kujificha.

Hoja hiyo haikuweza kujaribiwa hadi ilipopatikana njia ya kuwafikia wahalifu ambao polisi hawakuwafahamu. Mwaka 1988 watafiti Terrie Moffitt na Phil Silva walichapisha jaribio la moja kwa moja, wakitumia kundi la watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa katika mji wa Dunedin, New Zealand, kati ya mwaka 1972 na 1973, ambao makuzi yao yamekuwa yakifuatiliwa tangu wakiwa wadogo. Watoto hao walikuwa wamepimwa akili, na walipofika umri wa ujana waliulizwa kwa siri kuhusu makosa waliyoyatenda; majibu yao yakalinganishwa na kumbukumbu za polisi, hivyo yakapatikana makundi matatu: waliokosa wakajulikana kwa polisi, waliokosa wasijulikane, na wasiokuwa na makosa. Iwapo hoja ya tofauti ya kukamatwa ingekuwa sahihi, kundi la pili lingepata alama za akili za juu kuliko la kwanza. Halikupata. Makundi hayo mawili yalikaribiana, na yote mawili yalikuwa chini ya kundi la wasio na makosa, maana yake ni kwamba vijana walioponyoka hawakuponyoka kwa sababu ya kuwazidi wenzao akili.

Ni lazima kutambua mipaka ya matokeo hayo, kwa kuwa makosa ya vijana wa umri huo ni wizi mdogo, uharibifu wa mali na ugomvi, wala si kuhamisha mabilioni kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Hata hivyo yanalingana na jambo ambalo kila kituo cha polisi kinalijua, nalo ni kwamba makosa mengi hayapatiwi ufumbuzi hata yakitendwa na mtu asiyejua kusoma. Takwimu za shirika la upelelezi la Marekani, FBI, za mwaka 2019 zinaonyesha kuwa polisi wa nchi hiyo walipata ufumbuzi wa asilimia 61.4 ya mauaji, lakini walifanikiwa katika asilimia 14.1 tu ya matukio ya uvunjaji wa nyumba na asilimia 13.8 ya wizi wa magari. Mauaji hufumbuliwa zaidi si kwa sababu wauaji ni wajinga kuliko wezi, bali kwa sababu mara nyingi muuaji na marehemu walikuwa wakifahamiana, hivyo mpelelezi huanza na orodha fupi ya majina, na pia kwa sababu serikali hutumia watu na fedha nyingi zaidi pale uhai unapopotea.

Mvunja nyumba, basi, ana takriban nafasi sita kati ya saba za kutokamatwa kwa tukio moja, na nafasi hizo hupewa na mazingira. Tatizo lake ni kwamba haachi. Ikichukuliwa kwa makadirio kuwa kila tukio linajitegemea, mtu anayerudia kosa hilo mara kumi anabaki na uwezekano wa kama asilimia 21 wa kutowahi kukamatwa, na akilirudia mara arobaini uwezekano huo hushuka hadi watu wawili hivi kati ya elfu moja, hesabu inayoipa methali ya siku arobaini nguvu kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kinachoweza kumwokoa ni kuacha mapema, na kuacha ni suala la kujizuia, sifa ambayo wataalamu Michael Gottfredson na Travis Hirschi, katika nadharia yao ya mwaka 1990, waliiona kuwa ndiyo inayokosekana kwa wahalifu wengi. Mtu anaweza kuwa na akili nyingi na asiwe na uwezo wa kujizuia hata kidogo.

Kesi iliyoliweka suala hili mbele ya ulimwengu kwa uwazi kuliko nyingine yoyote ni ile ya Nathan Leopold na Richard Loeb wa Chicago. Leopold, aliyekuwa na umri wa miaka 19, alikuwa amekwisha kuhitimu Chuo Kikuu cha Chicago na alijiandaa kusomea sheria Harvard, huku akifahamika miongoni mwa wataalamu wa ndege kwa uchunguzi wake wa ndege mmoja adimu wa jimbo la Michigan. Loeb, aliyekuwa na miaka 18, alipata shahada yake ya Chuo Kikuu cha Michigan akiwa na miaka 17 tu. Vijana hao wa familia tajiri walijiaminisha kuwa mtu aliyewazidi wengine kwa akili hafungwi na sheria za watu wa kawaida, wakatumia takriban miezi saba kupanga mauaji ambayo yasingegundulika kamwe. Tarehe 21 Mei 1924 walimteka na kumuua Bobby Franks, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa jirani na jamaa wa Loeb, wakauficha mwili wake ndani ya kalavati chini ya njia ya reli, kisha wakaitaka familia ilipe dola 10,000 kana kwamba mtoto yu hai.

Mpango huo haukufikisha wiki mbili. Mwili ulionekana asubuhi iliyofuata, na karibu nao ikaokotwa miwani ambayo lenzi na fremu zake zilikuwa za aina iliyouzwa kwa wingi, isipokuwa bawaba ndogo zinazoshika mikono yake, ambazo katika Chicago yote ziliuzwa na duka moja tu. Daftari la mauzo la duka hilo lilionyesha wanunuzi watatu: mmoja alikuwa safarini Ulaya, wa pili alikuwa mwanamke aliyeweza kuonyesha miwani yake, na wa tatu alikuwa Leopold. Kijana huyo alikuwa na jibu zuri, kwamba huenda mara kwa mara katika eneo hilo kutazama ndege na kwamba miwani ilianguka kutoka mfukoni mwake alipojikwaa; lakini alipoambiwa aiweke mfukoni na kujikwaa mbele ya wapelelezi, miwani haikuanguka.

Hata hapo bado alikuwa na ngao, kwa kuwa yeye na Loeb walikuwa wamekubaliana kusema kwamba siku ya tukio walikuwa wakizunguka na wasichana katika gari la Leopold. Aliyeivunja ngao hiyo ni dereva wa nyumbani kwa kina Leopold, ambaye, akidhani anamtetea kijana wa bwana wake, aliwaambia wapelelezi kuwa gari hilo halikutoka siku ile kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akilitengeneza. Tarehe ilithibitishwa na karatasi ya dawa, kwani mtoto wa dereva alikuwa mgonjwa siku hiyohiyo na dawa yake ilikuwa imeandikwa tarehe 21 Mei. Kufikia tarehe 31 Mei wote wawili walikuwa wamekiri. Wakili Clarence Darrow aliwaokoa na adhabu ya kifo, wakahukumiwa kifungo cha maisha pamoja na miaka 99. Loeb aliuawa gerezani mwaka 1936, na Leopold aliachiliwa mwaka 1958.

Jambo la kuzingatia katika kesi hiyo si kwamba walisahau kitu kimoja, kwa sababu kila mpango husahau kitu. Ni kwamba walichokisahau kilikuwa mtu. Vijana hao walimfikiria baba wa mtoto, polisi, benki na hata namba za noti, lakini dereva aliyewahudumia kila siku, mwenye macho, kumbukumbu na mtoto anayeugua, hakuwemo katika hesabu yao, kwa kuwa walikwisha kuzoea kuishi kana kwamba hayupo. Kadiri mtu anavyojiona kuwa juu ya wengine ndivyo idadi ya watu asiowaona inavyoongezeka, na kila asiyeonekana ni shahidi anayesubiri kuulizwa.

Upo mfano unaoelekea kupingana na maelezo hayo. Theodore Kaczynski aliingia Chuo Kikuu cha Harvard akiwa na miaka 16, akapata shahada ya uzamivu ya hisabati Michigan mwaka 1967 na kufundisha Berkeley, kisha akahamia kwenye kibanda kisicho na umeme wala maji ya bomba karibu na mji mdogo wa Lincoln, Montana. Kati ya mwaka 1978 na 1995 alituma na kutega mabomu yaliyoua watu 3 na kujeruhi 23, huku FBI ikimtafuta kwa takriban miaka 17. Uangalifu wake ulimsaidia kweli, lakini upweke ulimsaidia zaidi, kwa kuwa mtu asiye na mshirika, simu wala rafiki hana wa kumsaliti. Alipolazimisha magazeti yachapishe ilani yake ndefu kuhusu maovu ya jamii ya viwanda, ikatokea Septemba 1995, jamaa zake hawakuhitaji maabara: mdogo wake David, akishawishiwa na mkewe, aliutambua mtindo wa uandishi wa nduguye, na tarehe 3 Aprili 1996 Kaczynski alikamatwa. Fikra zilezile alizojivunia ndizo zilizomtambulisha.

Mifano hiyo miwili inaeleza vizuri kwa nini akili si kinga, lakini haielezi wale wanaodumu miaka mingi bila hata kushukiwa, na kwa hao ni lazima kumwangalia Harold Shipman, daktari wa mji wa Hyde karibu na Manchester, Uingereza. Shipman hakuwa na kipaji cha pekee. Alikuwa daktari wa familia, mwenye wagonjwa wengi waliompenda, ambaye aliwatembelea wazee majumbani na kuwachoma sindano ya daimofini, dawa kali ya kutuliza maumivu ambayo ndiyo heroini ya hospitalini. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Janet Smith ilithibitisha katika ripoti yake ya kwanza ya mwaka 2002 kwamba aliwaua wagonjwa 215, wanawake 171 na wanaume 44, katika kipindi kilichoanza mwaka 1975 na kuishia 1998, na baadaye ikakadiria kuwa jumla yao ilifikia kama 250. Ni vigumu kumtaja mwuaji mmoja wa Ulaya ya kisasa aliyedumu muda huo akiwa na waathirika wa idadi hiyo.

Kilichomficha kwa miaka 23 ni kwamba yeye ndiye aliyeua na yeye ndiye aliyeandika sababu ya kifo. Aliyeulizwa marehemu amekufa kwa nini alikuwa ni daktari wake, na daktari wake aliandika moyo, kiharusi au uzee, na jamaa wakamshukuru kwa kufika haraka. Mwili ulipotakiwa kuchomwa badala ya kuzikwa, sheria ilidai sahihi ya daktari wa pili, lakini daktari huyo alisoma zaidi maelezo ya mwenzake kuliko alivyouchunguza mwili. Hakuna ujanja mkubwa hapo, kuna kalamu iliyoaminiwa. Tena mwaka 1976 mahakama ilikuwa imemtia hatiani kwa kughushi vyeti vya dawa ya pethidini aliyoitumia mwenyewe, akatozwa faini ya pauni 600, na chombo kinachosimamia madaktari kikamwacha aendelee na kazi. Ni vigumu kuamini kwamba msaidizi wa duka la dawa aliyeghushi vyeti hivyohivyo angerudishiwa ufunguo wa kabati.

Wapo walioziona nyayo. Dereva mmoja wa teksi wa Hyde, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapeleka akina mama wazee madukani na kwa daktari, alianza kugundua kuwa wateja wake wanaokufa ghafla wote walikuwa wa daktari mmoja, lakini kwa muda mrefu hakuthubutu kwenda kuripoti, akijua neno la dereva lingekutana na neno la daktari. Familia iliyoendesha shughuli za mazishi nayo ilishangaa kuwakuta marehemu wengi wa daktari huyo wakiwa wamekaa kwenye viti, wamevaa nguo zao za kawaida, bila dalili ya kuugua kitandani. Wasiwasi huo ulimfikia daktari wa zahanati ya jirani, Linda Reynolds, ambaye Machi 1998 alikwenda kwa afisa wa serikali anayechunguza vifo vyenye utata. Polisi walipewa kazi hiyo, wakaifunga mwezi uliofuata bila hata kuangalia iwapo mtuhumiwa aliwahi kutiwa hatiani. Tume ilieleza baadaye kuwa watu watatu waliuawa baada ya uchunguzi huo kufungwa.

Mtu wa mwisho kati yao ni Kathleen Grundy, mwenye umri wa miaka 81, na kifo chake cha tarehe 24 Juni 1998 ndicho kinacholijibu swali la makala haya kwa ufasaha kuliko takwimu yoyote. Mara hii Shipman hakutosheka na kuua. Aliandika wosia wa kughushi uliompa mali yote ya marehemu, yenye thamani ya pauni 386,000. Wosia huo ulipigwa chapa vibaya kwa taipureta ya zamani iliyokutwa kwake, ulikuwa na alama ya kidole chake, na binti wa marehemu aliyenyang'anywa urithi, Angela Woodruff, alikuwa mwanasheria ambaye miaka yote ndiye aliyeshughulikia mambo ya mama yake. Alipotaka kujikinga kwa kuonyesha kuwa wagonjwa wake walikuwa taabani kabla ya kufa, Shipman aliingiza kwenye kompyuta maelezo ya uongo yenye tarehe za nyuma, asijue kuwa mashine hiyo ilihifadhi siku na saa halisi ya kila badiliko. Tarehe 7 Septemba 1998 alikamatwa, na tarehe 31 Januari 2000 akatiwa hatiani kwa mauaji ya wagonjwa 15.

Tofauti kati ya vipindi hivyo viwili haina budi kuangaliwa kwa makini. Mtu yuleyule, mwenye akili ileile, alidumu miaka 23 alipokuwa akitenda uovu ndani ya eneo ambalo neno lake halikuhojiwa, na hakumaliza miezi mitatu alipotoka nje ya eneo hilo na kuingia katika kazi ya wosia, mahali ambapo alikuwa mtu kama watu wengine na aliyempinga alikuwa na elimu ya kumpinga. Uwezo wake wa kuficha haukuwa kichwani mwake, ulikuwa katika kiti alichokalia.

Mtaalamu wa kwanza kuliona jambo hilo kwa mapana yake alikuwa Edwin Sutherland wa Marekani, ambaye mwaka 1939 alitumia hotuba yake mbele ya wanasosholojia wenzake kueleza uhalifu wa kola nyeupe, yaani makosa yanayotendwa na watu wenye heshima na vyeo katika kazi zao za kila siku. Katika kitabu chake cha mwaka 1949 alichunguza kampuni 70 kubwa za nchi yake na kuonyesha kuwa hakuna hata moja isiyokuwa na uamuzi wa mahakama au tume dhidi yake, maamuzi yote yakiwa 980. Mchapishaji aliogopa kushitakiwa, hivyo majina ya kampuni yakaondolewa, na toleo lenye majina halikutoka hadi mwaka 1983, miaka mingi baada ya mwandishi kufariki. Sutherland alikataa kabisa maelezo kwamba uhalifu hutokana na umaskini au upungufu wa akili, kwa hoja kwamba wanaovunja sheria wakiwa na suti hawana kimojawapo kati ya viwili hivyo.

Wasomaji wa Tanzania hawahitaji kwenda mbali kupata mfano. Akaunti ya malipo ya madeni ya nje, iliyojulikana kwa kifupi EPA, ilitokana na miaka ambayo nchi ilikuwa na uhaba wa fedha za kigeni, ambapo waagizaji wa bidhaa walilipa shilingi benki lakini wauzaji wa nje hawakulipwa, na madeni hayo baadaye yakawa chini ya Benki Kuu. Sheria iliruhusu mdai wa nje kuihamishia kampuni nyingine haki ya kudai, na katika mwaka wa fedha 2005/06 kampuni 22 zililipwa Sh bilioni 133 kwa njia hiyo. Ukaguzi maalumu uliofuata ulionyesha kuwa kampuni 13 kati ya hizo zilichukua zaidi ya Sh bilioni 90 kwa nyaraka batili na za kughushi. Wizi wa namna hiyo hauhitaji bunduki wala giza. Unahitaji mtu anayejua hati ya kuhamisha deni inaandikwaje, nani anaisaini na dawati gani halitauliza, na maarifa hayo hayapatikani mtaani.

Januari 2008 gavana wa Benki Kuu aliondolewa kazini, na Agosti mwaka huo Rais Jakaya Kikwete aliliarifu Bunge kuwa zaidi ya Sh bilioni 53 zilikuwa zimerejeshwa na kwamba waliobaki walipewa hadi mwisho wa Oktoba kurejesha, kabla ya kesi kuanza kufikishwa mahakamani. Kurejeshwa kwa fedha za umma ni jambo jema. Hata hivyo hakuna mwizi wa kuku aliyewahi kupewa miezi ya kumrudisha kuku, na tofauti hiyo ya muda ndiyo sura halisi ya msaada ambao elimu na cheo humpa mkosaji: hata nyayo zake zikionekana, hupigiwa hodi kwa upole.

Upande wa Kenya, mtu anayestahili kukumbukwa katika mjadala huu ni David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya nchi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Goldenberg ililipwa fedha nyingi za serikali kama motisha ya kuuza nje dhahabu na almasi, ilhali Kenya ilikuwa na dhahabu kidogo na haikuwa na machimbo ya almasi. Wachumi, wanasheria na wakuu wa idara walizipitisha karatasi hizo. Aliyezitilia shaka alikuwa karani kijana aliyeona mafaili yakipita mezani kwake, akatoa nakala na kuwafikishia wabunge wa upinzani. Malipo yake yalikuwa kukamatwa, kushitakiwa kwa sheria ya siri za serikali na kufukuzwa kazi. Mwaka 2004 shirika la Transparency International lilimpa tuzo ya uadilifu, na mwaka 2006 alifariki akiwa maskini.

Nguvu ya cheti katika jamii hizi inaonekana hata kwa wale wasiokuwa nacho, kwani Aprili 2017 ripoti iliyokabidhiwa kwa Rais John Magufuli wa Tanzania ilibainisha watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, watu waliojua vyema kwamba karatasi yenye muhuri hufungua milango na kufunga maswali. Waligunduliwa kwa njia rahisi kabisa, ya kulinganisha vyeti vyao na kumbukumbu za Baraza la Mitihani, na njia hiyo ilikuwapo miaka yote. Kilichokosekana ni mtu wa kuamua kuitumia.

Kutokana na hayo, juhudi za kupambana na uhalifu wa wasomi hazina budi kuanza kwa kukihoji kiti kabla ya kumhoji anayekikalia: asiachwe mtu mmoja aidhinishe malipo na kuyathibitisha, wala daktari mmoja atibu na kuandika peke yake sababu ya kifo, wala bosi mmoja apokee malalamiko yanayomhusu mwenyewe. Uingereza iliufikia uamuzi huo kwa kuchelewa sana. Utaratibu wa kisheria unaotaka kila kifo cha England na Wales kisichopelekwa kwa mchunguzi wa serikali kipitiwe na daktari mwingine aliye huru ulianza kutumika tarehe 9 Septemba 2024, miaka 26 baada ya Shipman kukamatwa. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi tangu mwaka 2015, lakini sheria hiyo haitamsaidia karani, dereva, mhudumu wa chumba cha maiti wala mlinzi wa getini ambaye hajawahi kuisikia. Wakuu wa taasisi, za umma na za binafsi, wanapaswa kuwasomea watumishi wao wa ngazi za chini sheria hiyo, kuwaonyesha kwa jina ofisi ya kupeleka taarifa, na pale karani anapoleta faili lenye shaka, kulifungua faili kwanza kabla ya kumuuliza karani amesoma hadi wapi.